Nyomi Si Mtandao

Wanamageuzi wenzangu, tuna ugonjwa wa kuhesabu vichwa. Mkutano ukiisha, picha ya kwanza kurushwa kwenye magrupu ni ya nyomi. Kadi mpya ngapi, wafuasi wangapi, grupu limejaa mpaka limefunguliwa la pili. Halafu inafika siku ya kutafuta mawakala wa kukaa vituoni, au mwenzetu kakamatwa na anatakiwa mtu wa kumdhamini, au kuna hoja ya kupeleka nyumba kwa nyumba kuanzia Kasingirima hadi Buzebazeba. Wanaoonekana ni wale wale sita. Nyomi limeenda wapi?

Jibu langu ni kwamba halikuwahi kuwa letu. Watu elfu moja waliosimama uwanja mmoja bila kufahamiana ni watu elfu moja tu. Nguvu ya chama inatokana na jinsi watu walivyounganishwa, na idadi yao inafuata nyuma. Kuna taaluma nzima inayochunguza jambo hilo, inaitwa uchambuzi wa mitandao ya kijamii. Tafadhali usikimbilie kufikiria Instagram. Taaluma hii ni kongwe kuliko intaneti, na sehemu kubwa ya misingi yake ilijengwa Afrika, jirani zetu kabisa.

Mtu wa Kibirizi au Katonga hahitaji profesa ili aielewe, maana anashika wavu kila siku. Wavu una mafundo na nyuzi. Kwenye uchambuzi huu fundo ni mtu na uzi ni uhusiano: nani anamwamini nani, nani anamkopesha nani, nani akipata habari anampelekea nani. Mafundo elfu yasiyofungamana hayavui hata dagaa mmoja.

Ukishauchora wavu wa watu, unaangalia mambo matatu. La kwanza ni nani ana nyuzi nyingi. La pili, ambalo watu wengi hawalioni, ni nani amekaa katikati ya makundi mawili, kiasi kwamba bila yeye upande huu hauujui upande ule. Huyo anaweza kuwa na marafiki wanne tu na bado akawa muhimu kuliko mwenye marafiki mia. La tatu ni jinsi wavu ulivyosukwa: kati ya nyuzi zote ambazo zingeweza kuwepo, zipo ngapi kweli?

Tufanye hesabu kidogo, haiumi. Tawi la vijana 20 lina jozi 190 zinazowezekana. Sasa chukua tawi ambalo kila mtu anamjua mwenyekiti tu, na wenyewe kwa wenyewe ni salamu za juu juu. Hapo una nyuzi 19. Kumi kwa mia. Likichorwa linafanana na nyota: mmoja katikati, wengine wamemzunguka. Matawi yetu mengi ni nyota. Ni umbo zuri kwa kutoa matangazo, mwenyekiti anaongea wote wanasikia. Lakini mwenyekiti akikamatwa, akihamia Dar kutafuta maisha, au akiamka asubuhi moja akaamua "kuunga mkono juhudi", kwisha habari. Wanabaki watu 19 wasiojuana.

Miaka ile Liemba ikiteremka ziwa letu mpaka Mpulungu, abiria wake walifika Zambia. Nchi hiyo ndiyo iliyowafundisha wasomi wa mitandao mambo mengi. Mwaka 1954 John Barnes, ambaye kabla ya hapo alifanya utafiti huko kusini kwetu, alitumia dhana ya mtandao kueleza maisha ya wavuvi na wakulima wa Bremnes, Norway. Mwaka 1969 J. Clyde Mitchell akahariri kitabu kizima kuhusu mitandao ya watu katika miji ya Afrika ya Kati. Ila mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Bruce Kapferer, aliyekaa kwenye kiwanda cha nguo katika mji wa Kabwe miaka ya 1960. (Kabwe huyu ni mji, msianze kupiga makofi.)

Kapferer aliandika nani anapiga stori na nani na nani anamsaidia nani kazini, kwa wafanyakazi 39. Alifanya hivyo mara mbili, kwa kupishana miezi kadhaa. Baada ya mara ya kwanza wafanyakazi walijaribu kugoma, mgomo ukafa. Baada ya mara ya pili waligoma tena, safari hii mgomo ukasimama. Kiwanda kilikuwa kile kile na shida zilikuwa zile zile. Ila ukiangalia michoro miwili unaona nyuzi kati ya wafanyakazi zimeongezeka. Watu ambao mwanzo walikuwa pembeni, kila mmoja na lake, sasa walikuwa wamefungamana na wenzao. Sisemi nyuzi peke yake zilifanya kazi yote. Ninachosema ni kwamba hasira ilikuwepo mara zote mbili, na hasira peke yake mara ya kwanza haikutosha. Sisi kila siku tunaongeza hasira mtandaoni. Nyuzi tunaongeza lini?

Hapo mtu atasema, basi tukae karibu zaidi, tuwe familia moja. Nusu ya kweli. Mwaka 1973 Mark Granovetter wa Marekani alichapisha makala kuhusu nguvu ya uhusiano dhaifu. Aliwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu, wewe na mimi tungesema kwa koneksheni, walikuwa wanaonana na huyo mtu mara ngapi. Asilimia 16.7 tu walisema mara nyingi. Asilimia 55.6 walisema mara moja moja, na 27.8 walisema kwa nadra. Sababu yake ni rahisi: rafiki yako wa damu anajua yale yale unayoyajua, maana mnakaa kijiwe kimoja. Habari mpya inakuja na mtu wa mbali.

Ujiji yetu ina ushahidi wake. Mwaka 1871 Stanley alikuwa njiani kumtafuta Livingstone, ana msafara wa wapagazi na askari aliowalipa mwenyewe. Habari kwamba kuna mzungu amefika Ujiji akitokea Manyema hakuipata kwa watu wake. Alipewa na msafara wa Waguha, watu wa ng'ambo ya ziwa, waliopishana naye njiani mwanzoni mwa Novemba, siku chache kabla hajafika. Leo mgeni akija anapelekwa kwenye mnara wa Livingstone. Waguha waliobeba habari hawana hata kibao. Na sisi kwenye chama tuko hivyo hivyo, tunamkumbuka aliyeshika maiki na kumsahau aliyefikisha ujumbe.

Kwa hiyo tawi linahitaji vitu viwili kwa pamoja: ndani lisukwe vizuri, na nje liwe na nyuzi zinazofika mbali. Aliyeonyesha jambo hili kwenye siasa za nchi hii kuliko mtu yeyote ni Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1955 TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na wanawake wanachama walikuwa wa kuhesabu. Bibi Titi hakuanza na hotuba za uwanjani. Alikuwa mwimbaji wa ngoma Dar es Salaam, akawafuata viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake. Kila kikundi kilikuwa tayari ni wavu uliosukwa: wanajuana, wanazikana, wanachangiana harusi. Alipomshika kiongozi mmoja, nyuma yake walikuja wengi. Katika miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa wameingia TANU, wengi wao hawajasoma, na wakawa wasambazaji na wachangishaji ambao chama kiliwategemea. Aliunganisha nyavu zilizokuwepo. Hakuanza kusuka upya kuanzia fundo la kwanza.

Sasa geuza macho, tazama tawi lako. Nyavu zilizopo Kigoma Ujiji unazijua: vikoba, madrasa na kwaya, bodaboda wa Mwandiga, wauza mawese, akina mama wanaoanika dagaa, timu za mchangani, saluni. Ni zipi kati ya hizo zina uzi hata mmoja unaoingia kwenye tawi? Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, hiyo ilikuwa hoja ya maisha kwa maelfu ya kaya za pwani hii. Je, tawi lako lilijua kwa mtu aliyeko mwaloni, au lilisoma kwenye simu kama mtu wa Mikocheni?

Na niseme la wasichana wenzangu bila kuzunguka. Vikao vya vijana vinafanyika vijiweni, saa tatu usiku, kwenye kahawa na bao. Halafu mnashangaa wanawake hawapo. Mkikaa pale kila siku mnaongeza uzi juu ya uzi kati ya watu wale wale. Msichana mmoja aliye kwenye kikoba cha mama yake na pia yumo kwenye tawi ni daraja. Msimpe kazi ya kuandaa chai na kuandika mahudhurio. Mpeni nafasi ya uongozi, maana kwenye mchoro wenu yeye ndiye anayefika msikofika.

Nasoma sheria, kwa hiyo siwezi kumaliza bila upande wa pili. Elimu hii haina chama. Mtu anayetaka kulivunja tawi naye anachora mchoro ule ule na kuuliza swali lile lile: nikimwondoa nani, wavu unakatika vipande viwili? Na hana haja ya kusoma ulichoandika. Akijua nani kampigia nani, saa ngapi na mara ngapi, mchoro umejichora wenyewe. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kumwamuru mtu yeyote mwenye data aitoe kwa ajili ya upelelezi, bila kuanza kwa hakimu. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake binafsi. Waanzilishi wa JamiiForums walikamatwa na kuburuzwa mahakamani kuanzia Desemba 2016 katika mvutano wa taarifa za watumiaji wao. Jueni sheria hizi kabla hazijawakuta.

Na kuna siku uzi wa simu unakatwa wote. Oktoba 2020 wakati wa uchaguzi mitandao kadhaa ilizibwa. Tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Siku zile bando halikuwa na maana, na grupu la watu mia tano lilikuwa kimya kama kaburi. Jiulize kwa ukweli: ni watu wangapi wa tawi lako ungeweza kuwafikia kwa miguu, unajua wanapokaa, na wao wakakufungulia mlango? Hiyo namba ndiyo tawi lako. Hizo nyingine ni wafuasi.

Wapo watakaosema siasa ni nyomi, na mpinzani anaogopa nyomi. Sawa, nyomi linatia moyo na mimi mwenyewe napenda vuvuzela. Lakini nyomi ni matokeo ya jioni moja, na anayekubeba miezi sita baadaye ni mtu aliyefungwa kwako kwa uzi wa kweli: alikuja msibani kwenu, ulimsaidia barua ya mkopo, mliwahi kulala njaa kituo kimoja mkisubiri matokeo.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kila tawi la vijana, kabla ya mkutano wowote mkubwa, ni kikao kimoja cha kalamu na karatasi. Kila mmoja aandike majina matatu: ukipata shida usiku unamwita nani hapa tawini, habari ikitoka unampelekea nani, na nani nje ya chama anakusikiliza. Kila jina lipewe namba, chora mchoro kwa namba. Angalieni mwenyekiti akifutwa kinabaki nini. Angalieni nani yuko pembeni hana hata uzi mmoja, maana huyo ndiye atakayeondoka kwanza. Halafu wapangeni kazi wawili wawili, watu ambao hawajuani, mpaka wajuane.

Mkimaliza, chaneni karatasi. Msipige picha, msirushe kwenye grupu, na orodha ya majina isibaki kwa mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu na sisi pia: taarifa ya mtu uliyoichukua kwa kazi moja huna ruhusa ya kuigeuza kwa kazi nyingine, hata kama wewe ni katibu. Hatuwezi kudai faragha yetu iheshimiwe huku daftari la wanachama linazunguka kwenye WhatsApp.

Mkutano ujao tukiulizwa tumevuna nini, naomba asiwepo wa kujibu kwa picha iliyopigwa kwa juu. Tutaje nyuzi mpya: tumepata mtu mwaloni Katonga, tumepata kikoba Rusimbi, vijana wa Gungu sasa wanajuana na wa Bangwe. Zikiwa tatu tu, tumeshinda mwezi.