Kama Hujui Kukaza Cheni, Usimbebe Mamangu

Leo nitawaudhi watu wa steji, lakini mtanisamehe baadaye.

Huku Merigi pikipiki ndiyo ambulansi, ndiyo lori la majani chai, ndiyo basi la shule. Mama akishikwa na uchungu usiku, hakuna mtu wa kungoja matatu. Boda anapigiwa simu, safari ya Longisa inaanza. Sasa mbona kitu kinachobeba maisha hivyo, dereva wake anajua kukiosha tu? Piki inang'aa, stika kila mahali, redio inanguruma, na cheni inapiga kelele kama sufuria.

Maoni yangu ni haya: kabla hujabeba abiria, ujue kukagua cheni, oili na breki kwa mikono yako. Matatu lazima ikaguliwe kila mwaka. Kwa boda, mkaguzi wa kila asubuhi ni wewe.

Cheni: zima injini, weka gia huru, ishike katikati upande wa chini, uisukume juu na chini. Kwa piki nyingi za huku icheze kama sentimita 2 hadi 3. Zungusha gurudumu upime tena, kwa sababu cheni hailegei sawasawa kote. Ukiivuta, alama za pande zote mbili zilingane, la sivyo gurudumu litakaa upande. Kisha jaribu breki ya nyuma, maana ukisogeza gurudumu na breki inabadilika. Na usiipake oili injini ikiwa imewaka. Vidole haviuzwi kwa duka la spea.

Oili: simamisha piki wima mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa, uangalie kipimo. Hii milima yetu inachosha injini. Oili ikiisha, injini inajam, na hapo si bei ya chupa moja tena. Ni pistoni, ni silinda, na mwenye piki bado anataka hesabu yake jioni. Ile chafu nayo usiimwage kwa mtaro. Mtaro unaenda mtoni.

Breki: kuna watu wamelegeza ya mbele makusudi, eti itawarusha. Ukifunga breki, uzito unakuja mbele, kwa hivyo kwa lami ya mbele ndiyo inafanya kazi kubwa. Kwa matope iguse polepole, lakini iwepo!

Najua kuna mtu atasema, "Wewe uliacha chuo, sasa unatufundisha?" Ndiyo. Spana haijawahi kuniuliza cheti. Mwingine atauliza fundi atakula nini. Atakula. Injini, klachi na waya ni zake. Lakini kumngoja akukazie cheni huku wateja wanapita, hiyo ni hasara ya kujitakia.

Tena pesa si hoja yangu kubwa. Abiria hana njia ya kujua hali ya breki zako. Anapanda, anashika mfuko wake, anakuamini. Mpe dakika 10 zako za asubuhi.

Steji nyingi tayari zina chama. Changeni mnunue seti moja ya spana, na kijana mpya asipewe nafasi kwa foleni mpaka awaonyeshe wazee wa steji kwamba anajua kukaza cheni.