Kasongo–Kabambare: Ugonjwa wa muhogo hautaisha kwa pampu ya dawa

Mlimaji wa Kasongo au Kabambare akiona majani ya muhogo yamejikunja na kutoka madoa ya manjano, huuliza kwanza ni dawa gani ipulizwe. Swali linaeleweka, lakini halimfikishi popote. Mosaiki ni ugonjwa wa virusi. Nzi mweupe mdogo, anayekaa chini ya majani machanga, huubeba mti hadi mti, na hakuna dawa ya kuutoa ndani ya mti uliokwisha kuupata. Tena majani hayohayo ndiyo sombe. Anayeyapulizia sumu anaipeleka kwenye chungu cha watoto wake.

Kwa safari za mbali, binadamu anamshinda nzi. Muhogo hupandwa kwa vipande vya mti, na kipande kikitoka kwenye mti mgonjwa, shamba jipya linazaliwa na ugonjwa. Familia zilizokimbia vita Salamabila na vijiji vya jirani zikirudi hukuta mashamba yamekuwa pori, basi huomba mbegu popote. Mwenye njaa atachagua nini?

Wanaogawa mbegu wao wanaweza kuchagua. Fungu la miti lisipakiwe kabla shamba lilikotoka halijakaguliwa likiwa bado na majani, maana ikishakatwa, miti migonjwa na mizima hufanana. Ukaguzi huo ni kazi ya SENASEM, idara ya taifa ya mbegu, pamoja na wakaguzi wa kilimo wa tarafa. Wapewe pikipiki na mafuta, la sivyo tutazidi kusambaza ugonjwa kwa jina la msaada.

Uganda iliona hayo katika miaka ya 1990: mosaiki kali ilienea hadi watu wakaacha muhogo sehemu nyingi. Zao lilirudi kwa mbegu zinazostahimili ugonjwa, zilizozalishwa na kugawiwa vijijini.

Vijijini kazi ianze bila kungoja mradi. Muhogo ukiwa na miezi miwili au mitatu, mwenye shamba apite, afunge kamba kwenye miti isiyo na doa, na mbegu ya msimu ujao ikatwe kwenye hiyo tu. Iliyougua mapema ing'olewe. Kung'oa kunauma, hasa kwa mama mwenye shamba moja. Na palipougua karibu kote, kumwambia ang'oe ni kumwambia alale njaa. Huyo ndiye wa kwanza kupewa mbegu iliyokaguliwa, kabla mvua za Septemba hazijaanza.