Barua ya mionzi itunzwe kama cheti

Waswahili walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nionavyo mimi, afya nayo yahitaji daftari.

Hapa Laiser Hill, kaunti ya Kajiado, nina jirani, mwalimu mstaafu. Miaka mingi iliyopita alitibiwa saratani ya titi la kushoto kwa mionzi jijini Nairobi, akapona. Juzijuzi alianza kubanwa na kifua kila apandapo kilima. Katika zahanati moja alipewa dawa ya kiungulia. Hakuulizwa habari za mionzi, wala yeye hakuitaja; kwake, hayo yalikuwa yamepita. Mjukuu wake, mwanafunzi wa sekondari, ndiye aliyemhimiza kumweleza daktari mwingine, na hapo ndipo moyo ulipopimwa.

Moyo umeelekea kushoto, nyuma ya titi hilo. Mionzi inayoua saratani yaweza kuifikia mishipa inayoulisha moyo damu, ikaiachia makovu yanayoiziba polepole. Mwaka 2013 ulichapishwa uchunguzi kuhusu wanawake 2,168 wa Uswidi na Denmark. Ulibaini kwamba hatari ya mshtuko wa moyo na maradhi ya jamii hiyo huongezeka kwa asilimia 7.4 kwa kila grei moja, yaani kipimo cha mionzi, inayoufikia moyo kwa wastani. Hatari hiyo ilianza kabla ya miaka 5 kwisha, na miaka 20 baadaye ilikuwa ingalipo.

Je, nawatia wagonjwa hofu ili waikimbie tiba? La hasha! Kwa wengi, faida ya mionzi huizidi mbali hatari yake. Isitoshe, viko vituo ambako mgonjwa huagizwa avute pumzi na kuishikilia, ili moyo usogee mbali na miale.

Ninalodai ni dogo. Kila amalizaye tiba apewe barua inayoeleza upande uliotibiwa, kiasi cha mionzi na dawa alizotumia, naye aitunze kama cheti cha shule. Aionyeshe kwa kila daktari, hata baada ya miaka 20. Apimwe shinikizo la damu, sukari na mafuta mwilini, na aepukane na sigara.

Walimu wenzangu, tuwafunze wanafunzi jambo hili. Nawe mwanafunzi, iwapo mama au shangazi yako aliwahi kutibiwa saratani, muulize jioni ya leo: barua yako i wapi?