Ukienda Gedi, usiandike jina lako ukutani

Desemba nilienda Watamu na marafiki. Siku ya pili tukachoka na jua la ufuoni, tukapanda tuktuk hadi magofu ya Gedi. Tulipofika kwenye Msikiti Mkuu, beshte wangu mmoja akatoa ufunguo, akaanza kuchora jina lake na la mpenzi wake ukutani. Mimi nilicheka. Hadi leo naona haya.

Ndiyo maana nakuandikia wewe unayepanga safari ya Pwani. Kabla ya kutoa simu upige selfi, hebu utazame ukuta wenyewe.

Msikiti huo ulijengwa katikati ya karne ya 15. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, watu walikuwa tayari wanaswali hapo. Shuleni tulikariri jina la da Gama hadi likatutoka puani. Je, wangapi kati yetu tulifunzwa kuhusu mji huu?

Angalia kazi yao. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilitokana na kuchoma matumbawe. Safu za nguzo zilibeba paa ambalo sasa halipo. Kisima na birika la kutawadhia vipo. Mihrabu, inayoelekea kaskazini iliko Makka, ilipambwa kwa bakuli za kaure zilizopachikwa ukutani. Na juu ya mlango mmoja kumechongwa ncha ya mkuki.

Kuna watakaokuambia eti hiyo ni kazi ya wageni. Usikubali haraka. Ni kweli dini na kaure vilipitia baharini, na wageni walikuja, wakafanya biashara, wengine wakaoa. Lakini mawe ni ya pwani yetu, na mji ulikuwa wa Waswahili.

Wakazi walihama Gedi kufikia karne ya 17, msitu ukaufunika mji. Serikali imeulinda tangu 1927, na mwaka 2024 UNESCO ikauorodhesha kuwa urithi wa dunia. Sawa. Lakini hakuna orodha inayoweza kuushika mkono wa kijana mwenye ufunguo. Aliye karibu naye ni wewe, rafiki yake.

Chokaa ikishakwanguliwa haioti tena. Siku ile ningesema tu, "Buda, wacha," na angeacha. Mimi nilicheka. Wewe sema.