Nafuu ya Sonona Ipimwe kwa Mizani Gani?

Mkulima wa vitunguu wa Ikungi hahitaji kufundishwa madhara ya kipimo kibovu. Anaijua lumbesa: gunia hujazwa kupita kiasi, likafungwa kilemba juu, kisha likalipiwa bei ya gunia moja. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba hata nafuu ya mgonjwa wa sonona yaweza kupimwa kwa lumbesa, na anayepunjwa ni mgonjwa.

Malaria huthibitishwa kwa tone la damu. Sonona haina kipimo cha namna hiyo, hivyo wataalamu hutumia maswali yenye alama. Mwaka 1960, daktari Max Hamilton wa Uingereza alichapisha kipimo ambacho, katika muundo wake wa maswali 17, kina alama 0 hadi 52. Kati ya maswali hayo, matatu yahusu usingizi, nayo yana jumla ya alama 6. Sasa tufikiri. Amitriptilini, mojawapo ya dawa za sonona, huleta usingizi. Mgonjwa aweza basi kupungukiwa na alama kadhaa kwa sababu analala tu, ilhali huzuni na kukata tamaa vimebaki palepale. Kulala ni neema, lakini si kupona.

Kipimo kingine, PHQ-9, kilichapishwa mwaka 2001, nacho kimetafsiriwa kwa Kiswahili. Kina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, na jumla yake ni alama 0 hadi 27. Wataalamu huhesabu kwamba upungufu wa alama 5 ni nafuu yenye maana. Kupungua kwa nusu ni mwitikio mzuri wa tiba. Na kushuka chini ya 5 ndiko kutulia kwa ugonjwa.

Tuchukue mfano wa mama mkulima wa alizeti aliyeanza tiba akiwa na alama 18, na baada ya wiki nane ana 11. Amepungukiwa na alama 7, hivyo nafuu ipo. Lakini hajafikia nusu, na yu mbali na kutulia. Akiambiwa amepona, ataacha dawa, na ugonjwa waweza kumrudia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani washauri dawa iendelezwe kwa miezi kadhaa baada ya dalili kwisha. Ndiyo maana kosa la hesabu hapa si jambo dogo.

Hata hivyo, alama peke yake haitoshi. Mwaka 2002, Paul Bolton na wenzake walipofanya utafiti wa tiba ya mazungumzo ya vikundi katika vijiji vya Masaka na Rakai, Uganda, hawakuhesabu dalili tu. Walipima pia uwezo wa kutenda kazi ambazo wanavijiji wenyewe walizitaja kuwa muhimu kwa mwanamume na kwa mwanamke. Sisi nasi tuulize: je, mama huyu amerudi shambani? Anahudhuria misiba ya jirani? Anacheka na wanawe?

Wapo watakaosema kwamba mganga wa zahanati hana muda. Najibu kwamba maswali 9 huchukua dakika chache, na kuandika majibu kwenye daftari la mgonjwa hakuhitaji mtambo. Linalohitajika ni mambo matatu: alama zichukuliwe kabla ya kidonge cha kwanza, kwani pasipo mwanzo hakuna tofauti, kipimo kile kile kirudiwe kila ahadi, na mgonjwa aulizwe ni kazi gani angependa kuirudia.

Walimu wa hisabati na baiolojia wanaweza kulifanya jambo hili somo la darasani. Mwanafunzi akielewa kwamba tarakimu haina maana mpaka ijulikane imepima nini, atakuwa amejifunza sayansi. Na siku ndugu yake atakapougua, hataridhika na neno “hajambo”. Atauliza: hajambo kwa kiasi gani?