"Ame-pass out": Furaha au hatari?

Mzazi akikuambia kwamba kijana wake "ame-pass out" huko Kiganjo, mpe pongezi: kijana amefuzu mafunzo ya polisi. Lakini yaya akipiga simu kutoka nyumba moja mtaani Karen na kusema nyanya "ame-pass out", hapo hakuna gwaride wala bendi. Mtu amezimia.

"Pass" lina asili ya Kilatini, katika neno lenye maana ya hatua, na liliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa. Ndilo lililotupa "kupasi" mtihani. "Out" ni nje. Anayefuzu hupita akatoka chuoni. Anayezimia, fahamu ndizo zimemtoka.

Kwa maoni yangu, neno hili halifai mbele ya daktari. Wapo wanaolitumia kwa kizunguzungu, wengine kwa usingizi wa pombe, wengine kwa kifafa, na tiba ya hayo si moja. Mweleze daktari yaliyotokea. Alipoteza fahamu kabisa? Alikuwa amesimama au ameketi? Alitetemeka mwili? Alizinduka baada ya muda gani? Aliyeshuhudia ndiye aandamane na mgonjwa.

Aliyezimia na anapumua vizuri alazwe chali, miguu iinuliwe. Asipozinduka kwa dakika moja, au ikiwa ni mjamzito, ana kisukari au alilalamikia maumivu ya kifua, mkimbizeni hospitalini.

Msomaji, Kiingereza cha mkato kinafaa gumzo. Chumbani mwa daktari, sema kinaganaga.