Dereva wa basi letu la hija

Ukienda hija Nchi Takatifu na kundi la parokia, siku ya mwisho utaitambua tu. Hakuna anayeuliza tena habari za Biblia. Wanauliza kama maji ya Yordani yanaruhusiwa kwenye ndege. Nami, niliyekuwa padre wa kundi, asubuhi ile nilihesabu pasipoti zaidi ya kusali.

Tukielekea uwanja wa ndege ulio karibu na Lod, ile Lida ambako Petro alimponya Ainea aliyelala miaka 8 kitandani, tulisimama Abu Ghosh. Ni mahali pamojawapo panapodhaniwa kuwa ndipo Emau. Pako kadhaa, kwa kuwa hati za kale za Injili ya Luka hazikubaliani kuhusu umbali kutoka Yerusalemu: nyingi zinasema stadia 60, nyingine 160. Hilo tuwaachie wataalamu. Tuliadhimisha Misa katika kanisa la karne ya 12, lililojengwa wakati wa Vita vya Msalaba na leo linatunzwa na Wabenedikto. Nilihubiri juu ya wale wafuasi wawili waliotembea na Bwana wasimtambue. Nilihubiri vizuri, nadhani.

Tuliporudi kwenye basi ikapitishwa bahasha ya asante kwa dereva. Mama mmoja wa WAWATA akaniuliza, "Padre, tuandike jina gani?"

Sikujua. Lilitajwa siku ya kwanza, sikulishika. Siku nane mtu huyu alitubeba, akatupakilia mabegi, akatungoja juani kila tulipoingia kanisani. Kwa kuwa alisema Kiarabu, tulijua wenyewe kuwa ni Mwislamu, wala hatukuuliza. Mama yule akashuka kumwuliza. Kumbe ni Mkatoliki wa Kimelkiti, anayesali kwa Kiarabu tangu utoto, na jina lake ni la mtume yuleyule wa Lida.

Basi, Misa nane niliadhimisha, na ndugu yangu katika Ubatizo amekaa nje analinda mabegi yetu. Wewe unayeweka akiba ya hija, nenda, mawe yale yanastahili kuguswa. Ila muulize dereva jina lake siku ya kwanza, na umwulize kama angependa kuingia. Na akiwa Mwislamu, jina lake ulijue vilevile.

Bahasha aliipokea kwa adabu, kisha akaomba jambo moja: tumkumbuke yeye na watoto wake kwenye nia za Misa huku kwetu. Wamo katika daftari la nia za leo, Misa ya kwanza.